Tailizi juu ya sakafu ya kupasha joto, nyumba iko Lushoto: chini niweke plaiwudi, simenti bodi au skridi?

Dada_Makorora (Tanga)

Habarini wakuu, mafundi na wenye nyumba. Naombeni msaada kabla sijanunua vitu vya hasara. Mi nakaa Tanga mjini ila nyumba ya mama iko Lushoto, njia ya kwenda Magamba, wanaopajua wanajua mwezi wa sita na wa saba kule kukoje, asubuhi sakafu ina baridi mpaka mama anaogopa kushusha miguu kitandani. Mama ana sukari na miguu siku hizi inamfa ganzi. Kaka yangu yuko Norway, akasema huko bafuni kwa watu wengi kuna waya chini ya tailizi zinapasha sakafu kwa umeme, basi akanitumia maboksi ya hizo mati, ni kama wavu mwembamba wa upana wa nusu mita na waya umeshonwa juu yake, imeandikwa voti 230 na wati 150 kwa kila mita ya mraba.

Sasa kinachonichanganya ni cha kuweka chini ya tailizi. Sehemu ziko mbili. Ya kwanza chumba cha mama na bafu lake, viko chini, kuna jamvi la zege la zamani na sijui kama lina nailoni ya kuzuia unyevu chini yake. Ya pili bafu la wageni, liko juu, huko sakafu ni ya mbao, boriti zimepita na mbao zimepigiliwa juu yake, ukitembea inacheza kidogo.

Fundi wangu wa tailizi wa hapa Tanga anasema yeye anamwaga skridi, yaani mchanga na simenti, kote, juu na chini, waya anazilaza humo humo anamaliza. Fundi mbao wa Lushoto anasema kule juu tupige chipubodi mpya tailizi zigundishwe moja kwa moja kwa sababu chipubodi imenyooka. Dukani wakaniambia plaiwudi ya marine. Kaka kwenye simu anasema simenti bodi, lakini madukani nikiitaja wananikodolea macho. Kila mtu ana lake na wote wanaongea kwa uhakika.

Nielezeni kipi kikae wapi na kwa nini, maana nikienda kwa fundi nataka niwe na sababu mkononi. Na jambo lingine, makumbi ya nazi au taka za mkonge vinafaa kuzuia joto lisishuke chini? Huku kwetu vimejaa.

---

Fundi_Ngamiani (Tanga)

Dada karibu sana, na mpe mama pole. Mi kazi yangu ni tailizi, hizo mati sijawahi kulaza kwa hiyo za waya nawaachia wenye nazo, nitasema ya sakafu tu.

Hiyo ya mchanga na simenti kila mahali, chini kwenye jamvi inakubalika, tena ndo tunavyofanya nyumba nyingi hapa mjini. Juu kwenye mbao hapana kabisa. Piga hesabu mwenyewe, skridi ya sentimita 5 ni kama kilo 100 kwa kila mita moja ya mraba, bado hujaweka tailizi, bado hujaweka sinki na watu. Sakafu ambayo inacheza ikiwa tupu ukiibebesha huo mzigo boriti zitaendelea kupinda kidogo kidogo, skridi haipindi, inapasuka, na ufa wa skridi unapanda mpaka kwenye tailizi. Hilo wala halihitaji joto kutokea, linatokea hata kwenye nyumba za kawaida.

Kwa jamvi la zamani fanya kipimo hiki kabla ya lolote. Chukua kipande cha nailoni safi kama nusu mita kwa nusu mita, kitandike kwenye sakafu iliyofagiliwa, zungushia gundi ya karatasi pande zote nne hewa isipite, acha usiku mzima mpaka kesho yake. Ukifunua ukakuta matone chini ya nailoni au zege limekuwa jeusi, maji yanapanda kutoka ardhini na hapo nailoni haipo au imetoboka. Alaf chukua nyundo ndogo au mpini wa mwiko uigonge sakafu yote, panapolia kama debe tupu pabomolewe, usifunike.

Na mchanga. Lushoto tumieni mchanga wa mto uliooshwa, usikubali mtu akupandishie mchanga wa ufukweni eti wa bei rahisi. Chumvi inavuta unyevu, inatoa ungaunga mweupe kwenye maungio ya tailizi na inakula nondo na wavu wa chuma ulioko kwenye skridi.

Nina moja la mwisho na hili nalisema kwa uchungu maana naliona kila siku. Mafundi wengi tunaweka gundi vibonge vitano, kona nne na katikati, tailizi inakaa inaonekana imenyooka ila chini kuna mapango. Kwenye sakafu ya kawaida tailizi inavunjika ukiangusha sufuria. Kwenye sakafu yenye waya nadhani ni mbaya zaidi, wenye ujuzi mniambie.

---

Mbondei_Ughaibuni

Dada Makorora, mi ni mtu wa Muheza, kazi yangu ni sakafu na bafu huku Canada, huku nyumba nyingi zina sakafu za mbao kwa hiyo hilo bafu lako la juu ndo chakula changu cha kila siku. Nitaandika kirefu uvumilie.

Fundi Ngamiani nianze na swali lako maana umegusa penyewe. Waya wa kupasha lazima ugusane na simenti au gundi pande zote ili joto liondoke. Ukipita kwenye pango la hewa joto halina pa kwenda, kipande kile kinapanda moto kuliko vingine na ndipo waya unapoungulia, na ukiungua uko chini ya tailizi. Kwa hiyo vibonge marufuku, mwiko wa meno, gundi isambazwe yote kwa mistari inayoelekea upande mmoja, na mgongo wa tailizi nao upakwe. Kipimo tunachofuata huku ni gundi igusane na tailizi asilimia 95 sehemu za maji na asilimia 80 sehemu kavu, ila mi kwenye waya natumia 95 kote. Nyanyua tailizi moja ya kwanza uangalie mgongo wake, utajua.

Sasa kwa nini cha chini ni muhimu kuliko tailizi yenyewe. Sakafu ya joto inatanuka ikiwaka na kusinyaa ikizimwa, kila siku, miaka yote. Chukua chumba cha mita 5, sakafu ikipanda nyuzi 15 zege linarefuka kama robo tatu ya milimita hivi, tailizi ya kauri karibu nusu milimita. Ni kidogo lakini havilingani, na huo utofauti wote unabebwa na gundi iliyoko katikati. Mbao ndo shida zaidi, sio kwa joto bali kwa unyevu, inavimba mvua za masika na kukauka kiangazi, sasa ukiiwekea na moto juu yake inakauka haraka na kujikunja. Kwa hiyo unachotafuta ni vitu vitatu, kigumu kisichopinda, kisichovimba kwa maji, na kinachozuia joto lisishuke. Hakuna mbao moja inayokupa vyote vitatu, ndo maana tunapanga matabaka.

Chipubodi sahau. Ni chenga za mbao na gundi, ikipata maji mara moja inavimba kwenye kingo na hairudi, bafuni hata bila joto haifai kubeba tailizi. MDF, ile bodi ya nyuzi laini za mbao, hivyo hivyo. Plaiwudi ya marine ni nzuri lakini kazi yake ni kuwa mifupa, isiwe ngozi. Yaani inakaa juu ya boriti kuleta ugumu, halafu juu yake kije kitu cha simenti, na tailizi ishike kwenye simenti.

Simenti bodi ndo hicho kitu. Ni bodi ya simenti yenye nyuzi au wavu wa fibaglasi, inapatikana milimita 6 na milimita 12. Haivimbi. Ila watu wanachanganya, haiozeshwi na maji lakini maji yanapita ndani yake, kwa hiyo bado unahitaji kupaka wotaprufu juu. Na haiongezi ugumu wa kutosha, kama boriti zinacheza hata uweke bodi tatu zitacheza zote. Badala ya simenti bodi kuna membreni ya plastiki ya njano au ya rangi ya chungwa yenye vishimo vishimo, inagundishwa juu ya plaiwudi na tailizi zinagundishwa juu yake, inaruhusu chini kusogea bila tailizi kuvutwa. Ziko hata zile ambazo waya unabanwa kwenye vishimo vyenyewe lakini hizo ni kwa waya wa roli, wako ni wa mati kwa hiyo usinunue.

Ukweli wa nambari ni huu, zege linapitisha joto mara kumi zaidi ya plaiwudi, na ile povu ngumu ya polistairini inapitisha kidogo kuliko plaiwudi mara nne hivi. Kwa hiyo ukilaza mati moja kwa moja kwenye jamvi linalokaa kwenye udongo, umeme wako unaanza kupasha Lushoto nzima kabla haujapasha miguu ya mama. Sakafu itapata joto, ila baada ya saa nyingi na kwa LUKU nyingi. Chini lazima ukate njia ya joto.

Kuhusu makumbi na mkonge. Chini ya skridi hapana dada. Vitalowa simenti ikimwagwa, vitaoza, vitashuka, na skridi iliyokaa juu ya kitu kinachoshuka inavunjika. Inatakiwa povu ngumu isiyobonyea ukiikanyaga kwa kisigino, ile inayotengenezwa kwa kusukumwa kupitia tundu, sio ile nyeupe ya vipunje inayokuja kwenye boksi la tivii.

Niambie vitu hivi nikupe jibu la uhakika: boriti za juu ni ukubwa gani, zimeachana kiasi gani, na urefu wake toka ukuta hadi ukuta. Na chini je, mnaweza kuvunja jamvi au hamtaki?

---

Mzee_wa_Soni

Binti, mimi nimekulia milima hiyo. Kabla hujafika kwenye bodi zako mwambie mtu apande darini au afungue ubao mmoja aangalie kama boriti zina mchwa. Nyumba za zamani huko boriti nyingi zilikuwa mkulo au mbao nyingine ngumu za msituni zinakaa miaka na miaka, ila waliokarabati baadaye wamechomeka paina isiyotiwa dawa katikati na hizo zimeliwa ndani, kwa nje ziko nzima. Chukua bisibisi uchome kila boriti karibu na ukuta, hapo kwenye ukuta ndipo panapooza kwanza kwa sababu unyevu wa tofali unaingia kwenye kichwa cha boriti.

Tena nakuuliza, nyumba ina dohani? Wajerumani walipokaa pale walipaita Wilhelmsthal na nyumba zao walijenga na sehemu ya kuotea moto, hata zilizofuata baadaye ziliiga. Moto wa kuni unapasha chumba kizima. Sikupingi umeme wako, kwa miguu ya mama yako hiyo ya sakafu ina maana yake, lakini kwa bafu la wageni mimi ningekaa chini nikafikiri mara mbili.

---

Umeme_Bagamoyo

Salaam wote. Shikamoo mzee wa Soni. Naingia upande wa umeme kwa kuwa naona hakuna aliyeugusa na huu ndo unaoua.

Dada, voti 230 za Norway na zetu ni sawasawa, hapo huna tatizo. Mambo ya kushika ni haya. Mati inawekwa kwenye laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, na lazima ipite kwenye breka ya kuvuja umeme ya miliampia 30, na ethi ya nyumba iwe imepimwa kweli, usiambiwe tu ipo. Nyumba nyingi za zamani ethi ni fimbo iliyokatika ardhini miaka mingi. Bafuni, maji na waya chini ya miguu, hapa hakuna kubahatisha.

Waya wa kupasha haukatwi hata sentimita moja. Unachoruhusiwa kukata ni wavu, unageuza mati irudi upande wa pili. Ukikata waya ukizani unafupisha unabadilisha ukinzani na mati inapanda moto kuliko ilivyokusudiwa. Usivukishe waya juu ya waya. Na kile kiungio kinachounganisha waya wa kupasha na waya baridi wa kwenda ukutani nacho kizikwe ndani ya gundi, kisiachwe kwenye bomba la ukutani.

Fundi apime ukinzani kwa mita mara tatu, mati ikiwa kwenye boksi, ikishalazwa, na tailizi zikishakaa, aandike namba. Kwenye boksi imeandikwa namba inayotakiwa, ikitofautiana sana simamisha kazi. Apime na megga pia kuona kama waya umegusana na ganda lake. Mafundi tailizi wanakanyaga waya kwa buti na kuugonga kwa mwiko wa chuma, bora uligundue kabla gundi haijakauka.

Kihisio cha joto kipitishwe kwenye kibomba cha plastiki katikati ya mistari miwili ya waya, ncha ya kibomba izibwe kwa tepu simenti isiingie, ili siku kikifa ukivute utie kingine bila kuvunja tailizi.

Sasa kwa mama, na hili naomba ulisikie vizuri. Mtu mwenye sukari ambaye miguu imekufa ganzi hasikii sakafu ikiwa moto kupita kiasi. Kiwango cha Ulaya kinasema uso wa sakafu usizidi nyuzi 29 kwenye vyumba vya kukaa, bafuni mpaka 33. Weka themostati yenye kihisio cha sakafu na ufunge kikomo kwenye 27 chumbani na bafuni kwake, mtu asiweze kupandisha. Muulize na daktari wake.

Alaf watu wetu wageni wakija tunatandika godoro chini. Kwenye sakafu hiyo usitandike godoro wala zulia zito, joto linabanwa chini linazidi. Na mati isipite chini ya kabati lisilo na miguu.

Gharama. Ukiwa kwenye ushuru wa kawaida uniti moja ni kama shilingi 356 na kodi zake. Tuseme bafu linapashwa mita 3 za mraba, ni wati 450, saa tatu asubuhi ni uniti 1.35, kama shilingi 480. Chumba cha mama ukipasha mita 9 ni wati 1,350, saa tano ukichukulia haikati hata kidogo ni uniti 6.75, shilingi 2,400 hivi, ingawa themostati itakata ukifika joto lako. Ila kama mama yuko kwenye lile kundi la uniti 75 kwa mwezi la shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mtalipita, jiandaeni.

---

Dada_Makorora (Tanga)

Jamani asanteni, sikutegemea majibu ya namna hii. Shikamoo mzee wa Soni, boriti tumezichoma, mbili za upande wa bomba la maji zimeoza kichwani, fundi atazibadilisha. Dohani ipo ila imezibwa juu, nitaifungua kwa ajili ya sebule, nimekuelewa.

Mbondei, vipimo hivi: boriti ni inchi mbili kwa sita, zimeachana sentimita 60, toka ukuta mpaka ukuta ni mita 3.4, chini yake ni jiko. Chini kwa mama bafu lazima livunjwe kwa sababu bomba la maji machafu limepasuka, ila chumba cha kulala jamvi ni zuri, nimegonga halilii, na ile nailoni ya Fundi Ngamiani nimeiweka nikaifunua ikiwa kavu bafuni na chumbani pia. Mlango wa chumba una nafasi ndogo chini, nikipandisha sakafu sana itabidi kuukata. Na simenti bodi mpaka sasa nimeipata Dar tu, ya milimita 12.

---

Mbondei_Ughaibuni

Safi, sasa tunaongea.

Juu. Mbili kwa sita zilizoachana 60 kwa urefu wa mita 3.4 ni dhaifu kwa tailizi, ndo maana inacheza. Kanuni yetu ni boriti isipinde zaidi ya urefu wake ukigawanya kwa 360, kwako ni chini ya sentimita moja ikiwa imebeba mzigo, na kama ungeweka mawe ya asili ni nusu ya hapo. Kwa kuwa unabadilisha mbili, ongeza boriti mpya katikati ya kila nafasi ziachane 30, paina iliyotiwa dawa na iliyokauka, na piga vikingamizi vya mbao kati ya boriti kila mita moja hivi. Ukiweza weka mhimili mmoja kule jikoni unaokata urefu katikati, huo peke yake utasaidia kuliko vyote. Kisha plaiwudi milimita 18 ya nje, skrubu sio misumari, kila sentimita 15 kwenye kingo, achia milimita 3 kati ya ubao na ubao. Halafu tandaza gundi ya tailizi kwa mwiko wa meno madogo, laza simenti bodi ikiwa bado mbichi, skrubu kila sentimita 20, maungio ya bodi yasikutane na maungio ya plaiwudi na yafungwe kwa tepu ya fibaglasi na gundi. Gundi chini ya bodi ni ya kujaza mashimo, watu wengi wanairuka na bodi inabaki inapiga kelele. Chini ya plaiwudi, katikati ya boriti, jaza sufi ya mawe au povu ngumu, la sivyo unapasha dari la jiko.

Ila namuunga mkono mzee, kwa bafu la wageni linalotumika wikendi mi ningefanya kazi yote hiyo ya mbao na simenti bodi, maana tailizi zinaihitaji kwa vyovyote, halafu mati hiyo ningeipeleka kwa mama.

Bafu la chini kwa kuwa linavunjwa una bahati. Chimba, shindilia, nailoni mpya ipande ukutani, povu ngumu milimita 50, kisha zege au skridi ya milimita 65 mpaka 70 yenye wavu wa chuma na mteremko wa kwenda kwenye shimo la maji. Pembeni zunguka na ukanda wa povu laini wa milimita 8 mpaka 10 ili sakafu isiguse ukuta. Mati inakuja juu ya skridi iliyokauka, inafunikwa na simenti ya kujisawazisha, wotaprufu, gundi, tailizi.

Chumbani usivunje. Tafuta bodi za tailizi zenye povu ngumu katikati na ngozi ya simenti pande mbili, za milimita 10. Huku kwetu za kawaida, mwambie kaka akiwa anatuma kitu aziweke, ni nyepesi sana. Zinagundishwa kwenye jamvi kwa gundi iliyojaa, mati juu, simenti ya kujisawazisha milimita 8 mpaka 10, gundi, tailizi. Jumla utapanda kama sentimita 3 na nusu, mlango utakata kidogo. Ile simenti bodi ya milimita 12 uliyoipata Dar usiiweke chumbani ukidhani inazuia joto, haizuii, itakupandishia sakafu bure.

---

Fundi_Ngamiani (Tanga)

Mbondei nimekusoma na nimenakili. Maswali mawili ya fundi. Gundi, hapa kuna za mfuko za bei tofauti, achukue ipi? Na wakimaliza wanasubiri kiasi gani kabla ya kuwasha? Najua mwenye nyumba atataka kuona joto siku hiyo hiyo.

---

Mbondei_Ughaibuni

Fundi, aangalie maandishi kwenye mfuko, inatakiwa C2 na S1. C2 ni nguvu ya kushika, S1 ni kwamba ikikauka inapinda kidogo bila kuvunjika, na hiyo S1 ndo unayoilipia kwenye sakafu ya joto. Tailizi za posileni karibu hazinywi maji, chini ya asilimia 0.5, kwa hiyo simenti ya kawaida haina pa kuingia na kushika, na hakuna haja ya kuziloweka kwenye ndoo kama tulivyozoea kwa zile za ukutani. Grauti, ile ya kujaza maungio ya tailizi, nayo iwe ya kupinda. Kwenye kona ya sakafu na ukuta, na mlangoni, usijaze grauti, jaza silikoni. Chumba kikipita mita 5 au 6 kwa upande mmoja kata kiungio cha silikoni katikati.

Kuwasha, skridi mpya ya simenti isipashwe kabla ya siku 21, halafu unaanza nyuzi 20 mpaka 25 kwa siku tatu ndo unapandisha taratibu. Gundi fuata mfuko, wengi wanasema mpaka siku 28. Ukiwasha mapema maji yanakimbia kabla simenti haijashika na gundi inabaki unga.

---

Dada_Makorora (Tanga)

Basi nimeamua. Juu tunaimarisha mbao na simenti bodi bila waya. Waya zote kwa mama. Kaka ameshaangalia hizo bodi za povu anasema atazifunga na mzigo ujao. Fundi wangu nimemsomea yote haya, kuhusu vibonge alinyamaza kwanza halafu akasema atanunua mwiko wa meno. Umeme_Bagamoyo, kaka yangu, naweza kukuunganisha kwa simu na fundi umeme wangu wa Lushoto mkaongea?

---

Umeme_Bagamoyo

Bila shaka dada, nitumie ujumbe wa ndani. Na mwambie kabla hawajamwaga simenti juu ya mati apige picha ya sakafu nzima, futikamba ikiwa imetandazwa ukutani ionekane, kila mstari wa waya na pale kiungio kilipo. Picha hizo zichapishwe ziwekwe ndani ya bodi ya umeme. Siku mtu akitaka kutoboa kuweka choo kingine au kufunga mlango, ajue pa kutoboa.